Mstari wa Lengo Ukutani: Namna ya Kuuchora na Kuusoma

Ndugu msomaji, katika zahanati nyingi utaona karatasi ya manila ukutani, karibu na meza ya chanjo, ambayo imechorwa miraba na mistari. Akina mama wanaosubiri zamu huitazama karatasi hiyo kama wanavyotazama kalenda ya mwaka jana. Hata wajumbe wa kamati ya afya hupita mbele yake wakaenda kukaa kikaoni. Leo tujifunze kuichora na kuisoma, kwa sababu karatasi hiyo inaonyesha watoto wa kijiji chenu ambao hawajapata kinga. Huhitaji kuwa mganga. Ukijua kujumlisha na kutumia rula, somo hili ni lako.

Kwanza tuelewe jambo moja. Namba ikikaa peke yake haina maana kubwa. Mtu akikuambia, "Mwezi huu tumechanja watoto 9," huwezi kujua kama amefanya vizuri au vibaya mpaka ujue alipaswa kuchanja wangapi. Ni sawa na mkulima wa chai anayesema amechuma kilo 30. Utamuuliza, katika shamba la ukubwa gani? Ndiyo sababu chati nzuri huwa na mistari miwili: mmoja wa kazi iliyofanyika, na mwingine wa kazi iliyotakiwa kufanyika. Huo wa pili ndio unaoitwa mstari wa lengo.

Tuchukue mfano wa kijiji kimoja cha huku kwetu. Tuseme watoto wanaotarajiwa kutimiza mwaka mmoja kijijini hapo ni 120 kwa mwaka, yaani 10 kila mwezi. Tutafuata chanjo ya Penta ya tatu, ambayo mtoto hupewa akiwa na wiki 14, baada ya kupata ya kwanza katika wiki ya 6 na ya pili katika wiki ya 10. Chanjo hii humkinga mtoto na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na mdudu mmoja mbaya anayeleta homa ya mapafu na ya uti wa mgongo. Sindano ya kwanza pekee haitoshi. Nasisitiza hili kwa sababu wapo wazazi wanaosema, "Mwanangu alishachomwa," wakidhani kazi imekwisha.

Lengo la kijiji chetu tuseme ni asilimia 90. Asilimia 90 ya 120 ni watoto 108, ambao ni 9 kila mwezi.

Sasa chukua karatasi na rula. Chini andika miezi, Januari hadi Desemba, kila mwezi na mraba wake. Kando, upande wa kushoto, andika namba kutoka 0 kwenda juu hadi 120, ukipanda kwa kumi kumi. Weka rula kwenye 0 mwanzoni mwa Januari, na upande wa pili uiweke kwenye 120 mwishoni mwa Desemba. Piga mstari. Huo ni mstari wa watoto wote. Kisha piga mwingine kutoka 0 hadi 108. Huo ndio mstari wa lengo. Nafasi iliyobaki kati ya mistari hiyo miwili ipake rangi ya kijani kwa penseli, kidogo tu, namba zisije zikafichika. Hilo ni eneo la lengo. Kila mwisho wa mwezi tunataka nukta yetu iwe ndani ya kijani.

Mnaona kwamba mstari huu unapanda mlima, haukulala. Unapanda kwa sababu tunalimbikiza. Watoto wa Februari wanaongezwa juu ya wale wa Januari, wa Machi juu ya hao, na kuendelea. Wengi hukosea hapa. Wanaandika namba ya mwezi mmoja mmoja kwenye karatasi ya kulimbikiza, na nukta zao zinabaki chini kabisa, mtu akidhani kijiji kizima hakina chanjo.

Tufanye hesabu ya nusu mwaka. Januari walichanjwa 9. Februari 8, jumla 17. Machi 10, jumla 27. Hapo mstari wa lengo nao uko 27, kwa hiyo tumeshika njia. Aprili mvua zikazidi, barabara za kwetu mnazijua, wakaja 4 tu. Jumla 31, na lengo ni 36. Mei wakaja 3. Jumla 34, na lengo ni 45. Juni jua likatoka, wakaja 9, jumla ikawa 43.

Sasa ndugu, simameni hapa kidogo. Mtu akitazama mwezi wa Juni peke yake atasema mambo yamerudi kuwa mazuri, kwa sababu 9 ndilo lengo la mwezi, na Januari pia walikuwa 9. Lakini mwishoni mwa Juni mstari wa lengo uko 54 nasi tuko 43. Watoto 11 wako nyuma. Mwezi wa Juni haukuwarudisha. Umewahudumia watoto wa Juni, na wale wa Aprili na Mei bado wako nyumbani migongoni mwa mama zao, hawana kinga. Chati ya kulimbikiza haisahau, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote. Ili kijiji kifike 108 ifikapo Desemba, wanatakiwa watoto 65 katika miezi sita iliyobaki, yaani 11 kila mwezi badala ya 9. Namba hiyo ipelekeni kwa mwenyekiti wa kijiji. Ni namba anayoweza kuisemea kwenye mkutano.

Kwenye karatasi hiyo hiyo ongezeni mstari wa Penta ya kwanza kwa kalamu ya rangi nyingine. Tuseme hadi Juni waliopata ya kwanza ni 56. Ya tatu ni 43. Tofauti yao ni 13. Gawanya 13 kwa 56, zidisha kwa 100, utapata asilimia 23. Hao ndio walioanza na hawajamaliza. Ikizidi asilimia 10, kuna tatizo la kushughulikia. Msikimbilie kuwalaumu akina mama, kwani baadhi ya hao 13 walipata ya kwanza juzi na siku yao bado haijafika. Fungueni kitabu cha watoto, tafuteni jina kwa jina nani amepitwa na tarehe, ndipo mhudumu wa afya wa jamii aende nyumba hizo. Na kabla hajaondoka jiulizeni: je, siku walizokuja chanjo ilikuwapo? Jokofu lilikuwa linafanya kazi? Mama aliyetembea saa mbili kwenye tope akaambiwa arudi wiki ijayo, kumrudisha tena si kazi rahisi.

Kwa surua, ambayo hapa kwetu mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, mstari wa lengo uwekwe juu zaidi, asilimia 95. Surua huambukiza haraka kuliko karibu magonjwa yote tunayoyajua, na mwanya mdogo tu huitosha.

Jambo jingine ni namba ya watoto wanaotarajiwa, ile 120. Ikikosewa, mstari wote ni wa uongo. Kuna vituo ambavyo hupata asilimia 115 na watu wakapiga makofi. Hakuna kijiji duniani chenye watoto 115 katika kila 100! Maana yake ni kwamba akina mama wa kata jirani huja siku ya gulio, au familia za vibarua wa mashamba ya chai zimehamia na hazikuhesabiwa. Mtendaji wa kijiji ana daftari la kaya. Likaguliwe kila mwaka pamoja na watu wa zahanati. Na upo ugonjwa mbaya kuliko huo: mtu anayejaza namba ili nukta iingie kwenye kijani. Huyo anawaambia watu wa wilaya wasilete msaada mahali ambapo watoto wanauhitaji.

Maeneo ya rangi si mageni kwenu. Utepe wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano umegawanywa hivyo hivyo: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kutoka hapo hadi 12.5 ni njano, juu yake ni kijani. Kadi ya kliniki ya zamani nayo ilikuwa na kijani, kijivu na nyekundu. Wazo la kadi ya namna hiyo lilienezwa na Dakta David Morley, Mwingereza aliyefanya kazi katika kijiji cha Imesi-Ile, Nigeria, kuanzia miaka ya 1950. Katika mkoa jirani wa Iringa, mpango wa lishe ulioanza mwaka 1983 ulifanya serikali za vijiji 168 zikae na kuzungumza juu ya rangi za watoto wao kama wanavyozungumza juu ya mbolea. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vipya, wavulana na mistari yao, wasichana na yao.

Lakini kwenye kadi ya mtoto rangi inaweza kukudanganya. Mtoto wa kiume ana kilo 7.9 akiwa na miezi 8, kilo 7.9 akiwa na miezi 9, na kilo 7.8 akiwa na miezi 10. Bado yuko eneo zuri, na mama anaambiwa, "Yuko kijani, nenda nyumbani." Hapana. Mstari wake umelala na sasa unashuka. Rangi inaeleza mtoto alipo leo, mwelekeo wa mstari unaeleza anakokwenda. Huyo ni wa kuulizwa habari zake siku hiyo hiyo: ameharisha? Uji wake una nini ndani? Hapa Rungwe ndizi, maharage, maparachichi na maziwa tunavyo, lakini maziwa ya asubuhi mengi huenda kuuzwa na mtoto akabaki na ndizi tupu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha udumavu wa asilimia 30 kwa nchi nzima, na Iringa, mkoa wa chakula kingi, karibu 57. Kwa hiyo tusijivunie mikungu.

Kwa malaria tunatumia eneo la namna nyingine, maana hapo hatutaki kupanda. Chukueni hesabu za wagonjwa waliothibitishwa kwa kipimo, mwezi ule ule, miaka mitano iliyopita. Tuseme mwezi wa Mei walikuwa 14, 22, 17, 31 na 19. Zipangeni kutoka ndogo: 14, 17, 19, 22, 31. Ya katikati, 19, ndiyo kawaida ya Mei. Ya pili kutoka juu, 22, ndiyo mpaka. Fanyeni hivyo kwa kila mwezi, unganisheni nukta, pakeni rangi katikati. Mwaka huu Mei wakija 30, msingoje Juni, toeni taarifa wilayani wiki hiyo hiyo. Hatuchukui wastani kwa sababu ule mwaka mmoja wa wagonjwa 31 unauvuta mstari juu, na mlipuko mwingine ukija utajificha chini yake. Vijiji vya juu, vyenye baridi, vijihadhari zaidi kuliko ndugu zetu wa Kyela. Huko ziwani mbu ni wa kila siku na watu wazima wengi wamejenga kinga kiasi, huku juu malaria ikipanda humwangusha hata mtu mzima.

Neno kwa wenye kompyuta. Takwimu za zahanati za nchi nzima, tangu mwaka 2013 hivi, huingizwa kwenye mfumo wa DHIS2, ambao asili yake ni Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Katika programu yake ya kuchora chati, sehemu ya mipangilio ya mhimili wa wima, pana nafasi ya kuandika thamani ya mstari wa lengo na jina lake. Ila mstari huo umelala tu. Unafaa kwa asilimia za kila mwezi, si kwa jumla ya kulimbikiza, ambayo itaugusa Desemba pekee. Mkitaka mstari unaopanda, tumieni jedwali la kompyuta: ongezeni safu moja ya 9, 18, 27, mpaka 108, kisha ichorwe kama mstari juu ya nguzo za kazi yenu. Kwa eneo, wekeni safu mbili zinazopandiana, ya chini ni hizo hizo 9, 18, 27 na ifanywe isiyo na rangi, ya juu ni tofauti yake hadi 10, 20, 30, nayo ipakwe kijani. Umeme ukikatika, manila iko ukutani.

Maswali ya kufanyia kazi katika kikundi. Kijiji kina watoto 80 wanaotarajiwa kwa mwaka, na lengo ni asilimia 90. Januari walichanjwa 6, Februari 7, Machi 3, Aprili 5. Chora mstari wa lengo na nukta nne. Mwishoni mwa Aprili kijiji kiko nyuma kwa watoto wangapi? Kila mwezi uliobaki wachanjwe wangapi ili lengo lifikiwe? Na katika kijiji chenu wenyewe, nani ana daftari la kaya, na lilihesabiwa lini mara ya mwisho?