Damu ya mzee: rangi moja, kazi nyingi

Ndugu wanavikundi, somo la leo ni la rangi. Ile nguo ambayo vijana huita ya maruni, Kiswahili kina jina lake: ni ya damu ya mzee. Ni nyekundu iliyokolea, kama damu iliyokwisha kukaa.

Nyekundu hubadilika: kitambaa chekundu, mbuzi mwekundu, macho mekundu. Damu ya mzee haibadiliki. Twasema shati la damu ya mzee, viatu vya damu ya mzee, basi. Na mtu akiitwa mwekundu, si kwamba anaumwa, ni ngozi yake tu haikuiva sana. (Wale wa katikati ndio maji ya kunde.)

Sasa tuje kwenye afya, maana hapo neno hili lina kazi kubwa. Mvua za El Nino za mwishoni mwa 1997 zilileta Homa ya Bonde la Ufa hapa Garissa, na mwishoni mwa 2006 ikarudi. Mbuzi na kondoo walitupa mimba, na watu wakafa. Mbu huieneza, lakini watu wengi huipata kwa kushika damu ya mnyama mgonjwa: kumchinja, kumchuna, kumzalisha. Wengi hupata homa na kupona. Wachache hutapika damu au hutokwa na damu kwenye ufizi.

Hebu fikirini mama anafika zahanati na kusema, "Alitapika kitu chekundu." Si yaweza kuwa nyanya? Lakini akisema ilikuwa rangi ya damu ya mzee, ilianza jana jioni, nusu kikombe, mhudumu ataelewa upesi. Hata ikiwa nyeusi kama kahawa iliyosagwa, hiyo pia yaweza kuwa damu. Msingoje kesho. Vivyo hivyo mtoto anayeoga kwenye maji yaliyotuama, akikojoa mkojo mwekundu, apimwe kichocho.

Mbuzi akitupa mimba, msishike kwa mikono mitupu. Maziwa yachemsheni. Mnyama mgonjwa asichinjwe, hata kama mnaona ni hasara.

Maswali ya kikundi: Kwa lugha ya nyumbani, nyekundu ya kawaida na hii iliyokolea mnazitofautishaje? Na mbuzi watatu wakitupa mimba wiki moja baada ya mvua kubwa, nani kati yenu atakwenda kwa afisa wa mifugo, na nauli itatoka wapi?