Somo la Utunzaji wa Mali ya Chama: Kutafuta Hitilafu ya Chaji katika Pikipiki ya Zamani

Pikipiki ni miguu ya chama cha msingi. Ndiyo impelekayo karani kwenye vituo vya kukusanyia mazao, na ndiyo imfikishayo katibu benki na katika ofisi za Chama Kikuu. Ikilala, mazao hukaa bila kupimwa, na mkulima hurudi nyumbani na gunia lake. Kwa hiyo chama kilichobakiwa na pikipiki ya miaka mingi, kama vile Honda CG125 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, hakina budi kuijua vyema mali hiyo.

Katika pikipiki za zamani, jambo lisumbualo mara kwa mara ni betri kuishiwa nguvu. Aghalabu hati ya malipo huandikwa siku hiyo hiyo na betri mpya hununuliwa. Baada ya wiki chache, hiyo nayo hufa. Fedha za wanachama zimetoka, na ugonjwa umebaki pale pale. Shabaha ya somo hili ni moja: kifaa kisinunuliwe kabla ya kupima.

Jinsi umeme unavyozalishwa

Betri ni ghala. Haizalishi umeme, bali huuhifadhi. Ghala likikutwa tupu, si haki kulilaumu kabla ya kuuliza kama mazao yaliletwa.

Mzalishaji ni koili zilizofungwa ubavuni mwa injini. Sumaku huzunguka karibu nazo, na umeme hutokea. Umeme huo ni wa kwenda na kurudi, nao haufai kuingia katika betri. Rektifaya huugeuza uende upande mmoja tu. Regulata huuzuia usizidi kipimo. Kisha umeme hupita katika nyaya, viungio na fyuzi hadi kwenye betri.

Baadhi ya pikipiki ndogo za volti 6 hazina regulata. Taa zenyewe ndizo zinazomeza umeme wa ziada. Ndiyo sababu balbu yenye wati tofauti na zile zilizowekwa na kiwanda huweza kuvuruga chaji yote.

Ifahamike pia kwamba baadhi ya pikipiki hupata moto wa plagi kutoka koili ya peke yake, si kutoka betri. Pikipiki ya namna hiyo huweza kuunguruma vizuri huku mtambo wa chaji umekufa. Mlio wa injini si ushahidi.

Hatua za kupima

Kinachohitajika ni maltimita, yaani mita ndogo ya mkononi ipimayo volti, pamoja na subira. Hatua zifuatwe kwa mpangilio, kuanzia zile zisizo na gharama.

*Hatua ya 1: Macho na mikono.* Vichwa vya betri visuguliwe hadi ving'ae, na nati zikazwe. Maji ya betri yatazamwe. Yakipungua, yaongezwe maji safi ya betri, si ya mto wala ya bomba. Fyuzi na makazi yake yakaguliwe. Kila kiungio cha waya kifunguliwe na kutazamwe kama kina kutu au alama ya kuungua. Waya wa ardhi, ule unaounganisha betri na chesisi, ufunguliwe na mahali pake pakwanguliwe rangi na kutu. Hitilafu nyingi za pikipiki za zamani huishia hapa, bila shilingi kutumika.

*Hatua ya 2: Betri ikiwa imepumzika.* Betri ichajiwe kwa mashine hadi ijae, kwa mkondo usiozidi sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Betri ya ampea-saa 9 ipewe ampea 0.9. Kisha itenganishwe na nyaya na kuachwa usiku mmoja. Asubuhi, betri nzima ya volti 12 husoma karibu 12.6 au zaidi, na ya volti 6 husoma karibu 6.3. Ikiwa ile ya volti 12 imeshuka chini ya 12.4 hali imekaa peke yake, betri yenyewe ni mbovu, nayo ibadilishwe kabla ya kuendelea.

*Hatua ya 3: Injini ikiunguruma.* Betri irudishwe na kipimo kisomwe injini ikiwa imezimwa. Kisha injini iwashwe na kupewa mafuta hadi mwendo wa kati. Katika pikipiki ya volti 12 yenye regulata, kipimo hupanda hadi kati ya 13.5 na 14.8. Kisipopanda, umeme haufiki kwenye betri. Kikipita 15, chaji imezidi. Regulata haizuii, na maji ya betri yatachemka.

*Hatua ya 4: Njia ya umeme.* Mguu mmoja wa mita uwekwe mahali umeme unapotoka katika rektifaya, na wa pili kwenye kichwa chanya cha betri, injini ikiunguruma. Tofauti isizidi nusu volti. Ikizidi, umeme unapotea njiani, katika kiungio, swichi au waya uliochakaa. Kipimo hicho hicho kifanywe kati ya mwili wa injini na kichwa hasi.

*Hatua ya 5: Koili.* Plagi ya nyaya zitokazo kwenye koili itenganishwe, na mita iwekwe kwenye kipimo cha umeme wa kwenda na kurudi. Pikipiki yenye nyaya tatu za koili ipimwe jozi moja moja: wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, wa kwanza na wa tatu. Masomo yote matatu yawe karibu sawa. Jozi moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, koili imeungua. Pikipiki nyingine zina waya mmoja au miwili tu, na kwa hizo kitabu cha kiwanda kifuatwe.

*Hatua ya 6: Rektifaya na regulata.* Vifaa hivi hushukiwa mwisho, baada ya vingine vyote kuonekana vizima. Rektifaya nzima hupitisha umeme upande mmoja tu. Ikipitisha pande zote mbili, au isipopitisha kabisa, imekufa.

Pikipiki zenye desturi yake

Pikipiki nyingi za Uingereza za miaka ya 1950 na 1960, kama BSA na Triumph, zilifungwa kichwa chanya kwenye chesisi badala ya hasi. Fundi asiyejua hilo huweza kuunguza rektifaya mara tu anapofunga betri.

Honda CB750, iliyotolewa mwaka 1969, haina sumaku ya kudumu katika mtambo wake wa chaji. Sumaku hutengenezwa na umeme wa betri yenyewe upitao katika koili maalumu. Ufunguo ukiwashwa, bisibisi ya chuma ikikaribishwa kwenye kifuniko cha mtambo huvutwa kidogo. Isipovutwa, kasoro itafutwe kwanza katika umeme unaokwenda kwenye koili hiyo.

Tahadhari

Betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Sigara na kibatari viwe mbali, na madirisha yawe wazi. Asidi ikimgusa mtu, mahali hapo paoshwe mara moja kwa maji mengi. Betri isitolewe kamwe injini ikiunguruma, kwa maana umeme hupanda ghafula na kuunguza regulata na balbu.

Kazi ya katibu na kamati

Si lazima katibu awe fundi. Wajibu wake ni kudai vipimo. Kila pikipiki iwe na daftari lenye safu tano: tarehe, volti za betri iliyopumzika, volti injini ikiunguruma, kazi iliyofanyika, na gharama. Fundi akiomba betri au regulata, aandike kwanza masomo aliyoyapata, kisha kamati ndiyo iidhinishe. Kwa daftari hilo, mkaguzi na mwanachama wa kawaida wataona kwa nini fedha ilitoka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya majadiliano

1. Betri ya chama imekufa mara ya pili katika msimu mmoja. Ni vipimo gani vifanywe kabla ya kuidhinisha ununuzi wa ya tatu?
2. Betri ya volti 12 husoma 12.5 injini ikiwa imezimwa, na 12.5 ikiunguruma. Hitilafu itafutwe wapi kwanza, na kwa nini?
3. Kipimo kimefika volti 15.6. Je, ni habari njema?
4. Nani katika chama atatunza daftari la pikipiki, na kamati italisoma kila baada ya muda gani?