Mlevi Anayetaka Kuacha

Ama baad. Tumeulizwa katika darsa: mtu aliyezoea tembo miaka mingi, naye sasa ataka kuacha, jamaa zake wamfanyeje? Wako wamfungiao chumbani siku kadha wa kadha mpaka ulevi umtoke. Wako wamtengao, asikaribishwe barazani wala msikitini. Njia zote mbili ni mbovu, na ile ya kwanza yaweza kuua.

Hukumu haihitaji maneno mengi. Wapo wasemao kuwa khamri iliyoharimishwa ni ya zabibu tu, na tembo la mnazi halimo. Hoja hiyo ni dhaifu. Anas bin Malik, Allah amridhie, alikuwa akiwanywesha wageni nyumbani kwa Abu Talha, Madina, mara mnadi akatangaza kuwa khamri imeharimishwa. Abu Talha akamwamuru aimwage, nayo ilikuwa ya tende. Basi tembo ligemwalo alfajiri tamu, jioni likawa kali, hukumu yake ni iyo hiyo.

Lakini tazama Mola alivyowalea watu wale. Katika Suratul Baqara (219) walielezwa kuwa madhara yake yapita manufaa yake. Katika Suratun Nisaa (43) wakakatazwa kuikaribia Sala nao wamelewa. Na mwenye kusali Sala tano hapati wasaa mwingi wa kulewa. Kisha Suratul Maida (90–91) ikaukata mlango kabisa. Sisi leo hatuna ruhusa ya kurudi daraja la kwanza, kwani sharia imekamilika. Lakini tumefunzwa kuwa Aliyeuumba mwili aliujua uzito wa kuachishwa.

Na uzito huo si maneno tu. Anywaye sana kila siku, ubongo wake huzoea kutulizwa na pombe. Akiikatiza ghafla, siku hiyo hiyo hutetemeka, hutoka jasho, usingizi humruka. Katika siku 2 za kwanza kifafa chaweza kumshika. Na tangu siku ya 2 hadi ya 4 wengine huona visivyokuwapo, huwaka homa, na baadhi yao hufa. Hapo nyumbani husemwa amepagawa, akaitwa mganga. Si pepo, ni maradhi, na dawa yake iko hospitalini: daktari humpa dawa ya kutuliza, akaipunguza kidogo kidogo kwa siku chache, pamoja na vitamini B1 ya kuukinga ubongo. Asidhani mtu kuwa dawa hiyo, kwa amri ya tabibu, ni ulevi mwingine. Basi mnywaji wa kila siku na apelekwe kwa daktari kabla hajaacha, si baada ya kuanguka.

Na aibu je? Amepokea Bukhari habari za mtu aliyekuwa akimchekesha Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akiletwa mara kwa mara kwa ajili ya ulevi. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume akamkataza, akashuhudia kuwa mtu yule ampenda Allah na Mtume wake. Adhabu alipewa, laana alikingwa nayo. Sisi twafanya kinyume: adhabu hatuna uwezo nayo, na laana twaigawa barazani bure.

Atokapo hospitalini, saa yake ngumu ni ile aliyozoea kwenda mangweni, baina ya Alasiri na Isha. Nduguye mmoja na ampitie nyumbani saa hiyo, waje msikitini pamoja. Akianguka tena, na wengi huanguka, arudishwe kwa daktari, na jioni ampitie vile vile. Darsa yetu huanza baada ya Magharibi, na mahali pake pa kukaa papo.