Kabla Hujalipa: Kuchagua Laptopu ya Bei Nafuu kwa Mkazi wa Kigoma

Kijitabu hiki ni cha mwalimu wa Ujiji anayeandaa mitihani usiku, katibu wa VICOBA kule Gungu aliyechoka kufuta daftari, mwenye steshenari pale Mwanga, mzabuni mdogo anayeomba kazi za Serikali kupitia NeST, na mzazi ambaye mtoto wake anajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Wote wana tatizo moja. Fedha ni ya kuhesabu, duka lina mashine kumi zinazofanana, na muuzaji anaapa kwamba zote ni nzuri.

Ushauri mwingi unaosikika kuhusu kununua laptopu umetungwa kwa ajili ya watu wanaoishi karibu na duka. Sisi tuko mwisho wa Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Mashine iliyonunuliwa Kariakoo ikizima wiki ya pili, dhamana iliyoandikwa kwenye risiti inabaki hukohuko Kariakoo. Utalipa nauli ya kuituma kwa basi, utapiga simu kila siku, na kazi yako itasimama. Kwa sababu hiyo tunashikilia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: kwa mtu wa Kigoma, laptopu ya bei nafuu ni ile ambayo fundi wa hapahapa anaweza kuifungua, akabadilisha kilichokufa, akakurudishia ukaendelea na kazi.

Anza na kazi yako

Jiulize utaitumia kufanya nini kwa siku ya kawaida. Kuandika barua na ripoti, kujumlisha hesabu, kutuma barua pepe, kuchapisha vyeti, kufungua mifumo ya Serikali kama NeST, BRELA na Ajira Portal. Mifumo hiyo yote hufunguliwa ndani ya kivinjari, na kivinjari hakihitaji mashine ya mtengeneza filamu. Kinachohitaji ni nafasi ya kufanyia kazi, yaani RAM. Ukiwa na GB 4, kurasa tano zikiwa wazi pamoja na Word, mashine inaanza kuganda. GB 8 zinatosha kwa nyumbani na ofisini. GB 16 ni starehe, si lazima.

Cha pili ni mahali pa kuhifadhia. Hapa usikubali kubembelezwa na namba kubwa. SSD ya GB 256 ni bora kwako kuliko diski ya kuzunguka ya GB 1,000, kwa sababu SSD inawasha mashine kwa sekunde chache na haina kitu kinachozunguka ndani. Diski ya kuzunguka ikitikiswa wakati inafanya kazi, kwenye boti la kwenda Kagunga au kwenye daladala, inaweza kukwaruzika na kuondoka na kazi zako zote.

Mpya ya bei poa, au iliyotumika?

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Laptopu mpya za bei ya chini kabisa, zenye kioo kizuri na boksi linalong'aa, mara nyingi zina prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye mazabodi, na hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC ambayo nayo imechomelewa. Kuchomelewa maana yake ni kwamba haiongezwi wala haibadilishwi. Windows na masasisho yake hujaza sehemu kubwa ya GB hizo 64 kabla hujaweka hata picha moja. Baada ya mwaka inakuwa nzito, na fundi hana la kukusaidia.

Laptopu iliyotumika ya daraja la kiofisi ni kitu kingine. Kampuni za Ulaya, Marekani na Ghuba hununua mashine kama HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad, huzitumia miaka michache, kisha huziuza kwa mkupuo. Nyingi zinafika Dar es Salaam na baadaye huku. Ziliundwa zifunguliwe: unalegeza skrubu za chini, unakuta nafasi za RAM, SSD ya kuchomoa na betri ya kubadilisha. EliteBook 840 G5, Latitude 7490 na ThinkPad T480, zote za mwaka 2018, zina nafasi mbili za RAM. Vipuri vyake vinapatikana kwa sababu mashine za aina hiyo ni nyingi mno sokoni. Kwa fedha ileile, tunakushauri uchukue iliyotumika ya daraja hili na uiache mpya ya Celeron. Boksi jipya lisikupofushe.

Tenga kama sehemu ya kumi ya bajeti yako kwa ajili ya matengenezo ya mwanzo: betri, kuongeza RAM, au kusafisha feni. Usimalizie shilingi ya mwisho dukani.

Kusoma jina la prosesa

Muuzaji atakwambia "ni Core i5, ina nguvu." Core i5 ya mwaka 2012 na ya mwaka 2018 zina jina moja na uwezo tofauti kabisa. Tazama tarakimu zinazofuata kistari. i5-6300U ni kizazi cha sita. i5-8350U ni kizazi cha nane. i5-1135G7 ni kizazi cha kumi na moja. Tunapendekeza usishuke chini ya kizazi cha nane. Sababu ni kwamba Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa mashine za Intel inaanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana za kizazi cha saba.

Jina la modeli peke yake halitoshi. T480, Latitude 7490 na EliteBook 840 G5 zilitoka pia na prosesa za kizazi cha saba, zikiwa na umbo lilelile. Wala stika iliyobandikwa karibu na kibodi si ushahidi, maana stika hununuliwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha Enter. Ukurasa utakaofunguka una jina la prosesa, modeli na kiasi cha RAM, na huo ndio wa kuuamini.

Kama tayari unayo mashine ya kizazi cha nne au cha sita na huna fedha ya nyingine, usiitupe. Fundi anaweza kukuwekea Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni bure, pamoja na LibreOffice ya kuandikia na kupigia hesabu. Kwa mwanafunzi na kwa katibu wa kikundi inafanya kazi vizuri.

Ukiwa dukani

Usinunue mashine ambayo hukuikuta imezimwa. Iwashe mwenyewe, uone inachukua muda gani. Kisha izime na uiwashe tena huku ukigusagusa F10 kama ni HP, F2 kama ni Dell, F1 kama ni ThinkPad. Utaingia kwenye mipangilio ya ndani ya mashine. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, achana nayo. Mashine hiyo bado imefungwa na ofisi iliyokuwa ikiimiliki, na siku ukitaka kubadilisha Windows utakwama. Kuna nyingine zinazoonekana huru, lakini zikisafishwa na kuunganishwa na intaneti zinadai barua pepe ya kampuni ya zamani. Laptopu za mnada wa vifaa vya ofisi huwa na kasoro hii mara nyingine, kwa hiyo muulize muuzaji waziwazi na akuandikie kwamba ataipokea ikirudi.

Betri ndiyo inayodanganya kuliko kitu kingine chochote. Asilimia 100 unayoiona kwenye kona ya kioo ni asilimia mia ya kilichobaki, si ya ilivyotoka kiwandani. Bonyeza tena Windows na R, andika cmd, Enter, halafu andika powercfg /batteryreport na Enter. Mashine itaandika ripoti na kukuonyesha mahali ilipoihifadhi. Ifungue, utafute mistari miwili: DESIGN CAPACITY ni uwezo wa kiwandani, FULL CHARGE CAPACITY ni uwezo wa leo. Wa kwanza ukiwa 50,000 na wa pili 31,000, betri imebaki na asilimia 62, na hiyo inavumilika. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, ingiza bei ya betri mpya kwenye majadiliano yenu. Kisha iweke laptopu juu ya meza tambarare na uibonyeze pembe zote nne. Ikinesa, au tachipedi ikiwa imeinuka katikati, huenda betri imevimba. Betri iliyovimba inaweza kuwaka moto. Usiibebe kwenda nayo nyumbani.

Chungulia matundu ya kuchomekea waya kwa tochi ya simu. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, kwa hiyo mashine zilizoishi hapa hazina kutu ya chumvi. Mashine iliyokaa ufukweni mwa bahari inaweza kuwa nayo: utaona ukijani au wekundu kwenye vyuma vya USB. Kutu ya nje ni dalili ya kutu ya ndani.

Fungua ukurasa wa kuandikia na ubonyeze kila herufi. Angalia pia mpangilio wenyewe. Ikiwa safu ya juu inaanza na A, Z, E, R, T, Y, hiyo ni kibodi ya Kifaransa. Kwa jirani wa Bujumbura au Uvira inafaa. Wewe uliyejifunzia QWERTY itakuchelewesha kila siku. Mwisho, fungua kamera, piga simu ya video kwa bando lako, fungua na kufunga kioo mara kadhaa usikilize bawaba, na uiache ikicheza video kwa dakika ishirini. Mashine yenye tatizo la joto itaanza kuvuma au kujizima yenyewe humohumo dukani. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Umeme, sola na ziwa

Mkoa wetu uliishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta za dizeli kabla ya gridi ya Taifa kufika, na kukatika kwa umeme hakujatuacha. Hii ndiyo faida kubwa ya laptopu kuliko kompyuta ya mezani: betri yake inakulinda usipoteze kazi. Chaja nyingi zimeandikwa 100-240V, maana yake umeme ukishuka kiasi zinavumilia. Kinachoua chaja ni umeme kurudi kwa kishindo. Ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, subiri dakika tano ndipo uchomeke. Stebilaiza nzuri ikiwepo, itumie.

Gharama ya umeme isikutie hofu. Laptopu kwa kazi za kawaida hula wastani wa wati 25 hivi, kwa hiyo uniti moja ya LUKU inakupa saa kama 40.

Kwa wenzetu wa vijiji vya mwambao, Mwamgongo, Sunuka, Buhingu, ambako nyumba nyingi zinategemea sola, tafuta mashine inayochajiwa kwa USB-C. Modeli tatu tulizotaja hapo juu zina uwezo huo. Badala ya kununua inveta, ambayo nayo hula umeme, unanunua chaja ya gari ya USB-C yenye wati 65 na kuiunganisha na betri yako ya volti 12 kupitia kidhibiti cha sola.

Ukisafiri kwa boti, zima kabisa. Kufunga kioo tu si kuzima. Iweke ndani ya mfuko usiopitisha maji na uipakate mwenyewe, usiichanganye na mizigo ya mawese. Na ukifika nyumbani usiihifadhi ndani ya mfuko huo uliofungwa, kwa sababu unyevu unabaki ndani. Mende nao hupenda joto la feni, hasa stoo yenye dagaa, kwa hiyo mwite fundi akaisafishe angalau mara moja kwa mwaka.

Bando na virusi

Windows hupakua masasisho bila kukuuliza, na bando la wiki linaweza kuisha usiku mmoja. Ukiunganisha hotspoti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao na uwashe kipengele cha "Metered connection". Masasisho makubwa yafanye ukipata Wi-Fi ya ofisi. Kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows inatosha. Hatari kubwa ni flash zinazozunguka kutoka steshenari moja hadi nyingine. Usikubali pia kuwekewa Office ya wizi, maana programu zilizovunjwa kufuli huja na wadudu wao.

Karatasi za ununuzi

Dai risiti ya EFD na uikague: jina la modeli na kiasi ulicholipa viwepo. Sheria inakutaka uidai na uitunze, na ni silaha yako muuzaji akikana dhamana. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikishaneni mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kukiwa na shahidi na nakala ya kitambulisho cha NIDA cha muuzaji, kwa sababu kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu. Hati iwe na namba ya mfululizo ya mashine. Namba hiyo imebandikwa chini ya laptopu, na imo pia ndani ya mipangilio ile uliyoingia kwa F10, F2 au F1. Zilinganishe herufi kwa herufi. Zikitofautiana, mazabodi imebadilishwa au ganda ni la mashine nyingine. Uliza kwa nini, na usipopata jibu linaloeleweka usilipe.