Siki ya ndizi: hewa ndiyo siri

Ndizi za pombe zikiiva kwa wingi huku kwetu Ngara na Biharamulo, mkungu hauna bei. Wengi wanakamua lubisi, ikichacha baada ya siku chache wanaimwaga. Siki inakaa muda mrefu, ndiyo maana wengi mnaniuliza inavyotengenezwa.

Kijana mmoja alinionyesha ndoo zake tatu za lita 20. Alikuwa amezifunga kabisa miezi miwili akisubiri siki. Tulipofungua, tukakuta pombe yenye harufu mbaya. Mtaji ukapotea. Juisi yake ilikuwa nzuri, shida ilikuwa mfuniko.

Kumbe siki ni kazi mbili, na kila kazi ina vijidudu vyake.

Kazi ya kwanza: sukari kuwa kilevi
Hii ni kazi ya hamira. Inakula sukari, inatoa kilevi na hewa ukaa. Haihitaji hewa ya nje, ila gesi yake lazima itoke. Ukiziba kabisa, chombo kinaweza kupasuka. Pitisha mpira mwembamba kwenye mfuniko, ncha ya nje iingie kwenye chupa ya maji.

Juisi nzito ya ndizi ipunguze kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, hadi kipimo cha sukari kisome 10 hadi 12. Hapo utapata kilevi cha asilimia 5 au 6 hivi. Kwa lita 20 weka vijiko viwili vya chai vya hamira. Mapovu yakiisha, kwa kawaida ndani ya siku 7 hadi 10, mimina taratibu ukiacha machicha chini.

Kazi ya pili: kilevi kuwa siki
Hapa hamira imemaliza. Wanaingia bakteria wa siki, na hawa bila hewa hawafanyi kazi. Tumia ndoo yenye mdomo mpana, ijaze nusu tu, funika kwa kitambaa safi ili inzi wasiingie. Kwa kila lita nne za pombe ongeza lita moja ya siki hai, yaani ambayo haijachemshwa. Utando ukitokea juu usiuvuruge. Subiri wiki 4 hadi 8, mahali penye joto na kivuli.

Ikishakuwa kali na harufu ya pombe imeisha, usiiache wazi. Bakteria wale wale wataanza kula asidi yenyewe na siki itapoa. Ipashe moto hadi nyuzi 70 bila kuchemsha, jaza chupa hadi shingoni, funga.

Angalizo
Sufuria za alumini zinaliwa na asidi. Tumia kioo, chuma kisichoshika kutu au plastiki ya chakula. Dumu la dawa ya shamba usiliguse, hata ukiliosha mara kumi.

Na usiuze kwa kuonja tu. Siki ya kuhifadhia achari inatakiwa iwe na asidi walau asilimia 5, chini ya hapo chakula cha mteja kinaweza kuharibika kikamdhuru. Peleka sampuli maabara kwanza. Kuhusu vifaa na mafunzo waone SIDO, na alama ya ubora ni TBS.

Anza na ndoo moja. Ikikubali, ndipo uongeze.