PIKIPIKI YA MZEE MUNRO

Hapa Mugoma pikipiki ikizeeka, mwenyewe huiuza au huing'oa spea. Leo tusome habari za mtu aliyekataa kuiacha ya kwake.

Mtu huyo ni Burt Munro wa New Zealand. Alizaliwa mwaka 1899. Mwaka 1920 alinunua pikipiki aina ya Indian, iliyotengenezwa Marekani. Injini yake ilikuwa ya CC 600. Haikuzidi kilomita 90 kwa saa.

Munro alitaka mwendo zaidi, lakini hakuwa tajiri. Basi, mchana aliuza pikipiki dukani, usiku alitengeneza yake. Aliyeyusha metali, akaimimina katika makopo ya zamani, akapata pistoni. Injini ilivunjika mara nyingi. Vipande vibovu hakuvitupa, alivipanga kwenye rafu. Fundi mwenye akili hufanya hivyo, maana kipande kilichovunjika humwonyesha palipo dhaifu. Kidogo kidogo injini ikafika CC 950.

Mwaka 1967, akiwa na miaka 68, Munro aliipeleka Bonneville, Marekani. Huko kuna uwanda mkubwa wa chumvi, tambarare kabisa. Siku ya mashindano hakuna mtoto wala ng'ombe anayekatiza. Alikwenda, kisha akarudi. Wapimaji wakatafuta wastani, wakaandika kilomita 295 kwa saa. Ilikuwa rekodi ya dunia kwa pikipiki za kundi lake.

Wastani ni nini? Ni kujumlisha halafu kugawa. Ukienda kwa mwendo wa 40 na kurudi kwa 30, jumla ni 70. Gawa kwa 2, utapata 35.

Munro alifariki mwaka 1978. Miaka mingi baadaye, mwanawe alizipiga upya zile hesabu. Kumbe wapimaji walikosea! Mwaka 2014 rekodi ilisahihishwa, ikawa kilomita 296. Haki ya mzee ilipatikana kwa sababu mtu mmoja alisoma na kuhesabu mwenyewe.

Nawe ukipewa karatasi ya mizani au ya deni, usiikunje tu. Ihesabu kwanza. Ila mwendo wa Munro tusiuige barabarani. Barabara yetu si uwanda wa chumvi, na nyuma umebeba mtu.

MASWALI
1. Munro alikaa na pikipiki yake miaka mingapi mpaka 1967?
2. Kwa nini fundi asitupe upesi kipande kilichovunjika?
3. Tafuta wastani wa 50 na 44.