Darasa la leo: Mnyama wako akigoma kula



Hapa Kibuta vijana wengi wanafuga sungura. Mmoja kaniuliza: sungura wake tangu jana hagusi majani, na usiku kuna taraweh. Aanze na lipi?

Aanze na sungura. Taraweh ni sunna, tena anaweza kuiswali nyumbani. Kumlisha mnyama uliyemfungia ni wajibu juu yako. Mnaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutie. Na sungura wa bandani atajitafutia wapi?

Sisi tunafunga kwa nia, na magharibi tunafuturu. Sungura hafungi. Tumbo lake linatakiwa lifanye kazi muda wote. Akikaa hata nusu siku bila kula, utumbo unaweza kusimama na akafa. Kwa hiyo hakuna cha "tumwangalie mpaka kesho". Tazama kinyesi: kikiwa kidogo au hakuna kabisa, ni hatari. Tazama na meno, maana ya sungura hayaachi kukua, yakipishana hawezi kutafuna. Mweke penye ubaridi, maji karibu, majani makavu, siyo pumba tupu. Halafu mpigie afisa mifugo, hata kama ni usiku.

Wengine hukimbilia kumuuza. Kuuza kunajuzu, ila mwambie mnunuzi kwamba sungura huyu hataki kula. Ukinyamaza umemdanganya, na pesa hiyo usinunulie futari.